Jiwe la Mazeras linatoka wapi hasa?

Maduka ya mawe ya kando ya barabara, ya Mombasa kwa ya Nairobi, hayakosi mabamba membamba yaliyoegemezwa safu safu ukutani: ya manjano, ya kijivu, mengine yenye mistari ya rangi ya kutu. Muulize mwenye duka ni mawe gani haya, atakujibu kwa neno moja: Mazeras. Ndiyo yanayotandazwa kwenye vijia vya hoteli za Pwani, kwenye maegesho ya magari, kandokando ya mabwawa ya kuogelea, na siku hizi yamepanda hadi kwenye kuta za mbele za nyumba. Kwa Mkenya anayejenga, Mazeras imekuwa bidhaa kabla ya kuwa mji.

Mji nao upo, kilomita 20 hivi kutoka Mombasa, kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi. Lakini mwamba uliokatwa kando ya barabara pale Mazeras haufanani sana na ulichokiona dukani. Ni jiwe nene, chembe zake kubwa zinakwaruza kiganja, na ukilipiga nyundo linameguka bonge badala ya kufunguka bamba. Jiwe ambalo wanajiolojia wameliandika vitabuni kwa jina la Mazeras, na jiwe ambalo muuza mawe anakupakilia kwenye lori kwa jina hilohilo, kwa kawaida si jiwe moja. Ni ndugu wa tumbo moja waliozaliwa kwa kupishana mamilioni ya miaka, na tabia zao ni tofauti. Mtu asiyejua tofauti hiyo hana hasara akiwa mpita njia. Akiwa mjenzi, hasara anayo.

Kuzitenganisha tabia hizo kunahitaji safari fupi. Bahati nzuri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi imepita pale pale inapotakiwa.

Kutoka baharini kupanda bara

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya tumbawe la kale. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, matumbawe yakajenga mwamba wake, kisha maji yaliposhuka mwamba ukabaki nchi kavu. Mji wa Kale umejengwa kwa jiwe hilo, na Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imechongwa nusu ndani yake na nusu kwa vipande vyake. Kwa hesabu za kijiolojia hilo ni jiwe la jana asubuhi.

Vuka uende Changamwe na Miritini. Hapo tayari uko kwenye mwambatope, yaani tope la bahari lililogandamizwa likawa mwamba laini wa tabaka tabaka. Ndani yake wametolewa amonaiti, wanyama wa baharini wa jamii ya ngisi waliokuwa na gamba la kujiviringa, na waliishi wakati dinosauri walikuwa bado wanatembea. Ukiendelea kupanda, hasa upande wa Kaloleni, unakutana na ukanda mwembamba wa mawe ya chokaa unaoitwa kwa jina la Kambe. Ule una umri wa miaka milioni 170 hivi, na ndio alama ya kwanza ya bahari kuingia nchi hii. Nyuma yake, ukielekea bara, hakuna tena dalili kubwa ya bahari. Kuna mchanga.

Matabaka haya yote yameinamia baharini kwa mteremko mdogo. Kwa sababu hiyo kila unapopiga hatua kuelekea Nairobi unakanyaga mwamba mzee zaidi ya ule ulioupita, na dereva wa lori anayetoka bandarini anarudi nyuma miaka milioni mia moja na zaidi kabla hata hajafika Mackinnon Road.

Kundi hilo la miamba ya mchanga limepewa jina la Waduruma, ambao nchi yao ndiyo hiyo, na limegawanywa mafungu manne makubwa. Ukitoka Pwani unaanza na Mazeras, unafuata Mariakani, halafu Maji ya Chumvi, mwisho Taru. Majina yote ni ya vituo vya njia ya kwenda bara. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita humo humo, na wanajiolojia walipokuja kupima walikuta majina yameshakaa tayari.

Mchanga wa wakati Madagaska ilipokuwa jirani

Haya yalitokeaje? Turudi nyuma miaka milioni 290 au 300. Bahari ya Hindi haipo. Afrika, Madagaska, Bara Hindi, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini zimeshikamana kuwa bara moja, Gondwana. Kisiwa cha Madagaska kimebanana na ufuko wa Kenya na Somalia ya leo, bila hata mfereji wa kuwatenganisha. Ardhi ya katikati inaanza kuvutwa huku na huku. Ikivutwa inakonda, ikikonda inapasuka, na kati ya mipasuko vipande virefu vinadidimia vikawa mabonde. Bonde likishadidimia, mito inalitafuta.

Mito hiyo ilitoka kwenye nyanda za juu za miamba migumu ya naisi, ambayo masalia yake ni vilima vya Taita na mawe ya Voi unayoyaona leo. Ilibeba chembe za kwatzi na za felspa, madini mawili ya kawaida ya mchanga, na vijibamba vya ulanga, madini yanayometameta, ikavimwaga bondeni. Bonde likazidi kudidimia kwa uzito, mito ikazidi kumwaga, mpaka mchanga ukafika unene wa maelfu ya mita. Miamba ya namna hii na ya wakati huu iko pia Tanga, iko Madagaska kwa wingi, na iko Afrika Kusini, ambako ndiko lilikotoka jina la Karoo linalotumiwa kwa jamii nzima.

Kitu cha kuangalia ni kwamba mito haikuwa na nguvu moja nyakati zote, na hapo ndipo tofauti ya jiwe na jiwe inapozaliwa.

Taru, la zamani kuliko yote, ni mchanga mkubwa wenye kokoto, mzigo wa mito yenye nguvu iliyomwaga karibu na mlima. Mwamba wake ni mgumu na mpana, na juu yake kuna mashimo ya asili yanayokusanya maji ya mvua, ngurunga. Misafara ya kutoka Pwani iliyahesabu mashimo hayo kama uhai. Kutoka Rabai hadi Taita maji ya kutegemea yalikuwa adimu sana, na msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyepita hapo mwaka 1883 akielekea Umasaini, alikuwa mmoja wa wengi walioyategemea.

Baada ya Taru mambo yakatulia. Mabonde yakawa na maziwa na ghuba za maji matulivu, mito ikafika ikiwa imechoka, imebaki na mchanga laini na tope. Hilo ndilo fungu la Maji ya Chumvi. Lina matabaka membamba ya mwambatope na ya mchanga laini, na maji yanayochimbwa humo mpaka leo huonja chumvi, jambo ambalo wakazi wa Samburu (ile ya Kwale) na Kinango hawahitaji kufundishwa na mtu. Humo pia wamepatikana visukuku vya samaki wa miaka milioni 250 hivi, wa jamii zilizopatikana vilevile Madagaska. Samaki wa maziwa na ghuba hawakuvuka bahari kuu kwenda kujifananisha na ndugu zao. Ni nchi iliyohama, si samaki.

Fungu la Mariakani likaja juu yake: mchanga laini pia, wa mito ya polepole na tambarare za mafuriko, wenye matabaka yanayopishana vizuri na mengine yenye viwimbi vidogo juu yake, kama vile unavyoviona mchangani maji yakipwa.

Kisha mito ikapata nguvu upya. Fungu la Mazeras lenyewe ni la mwishoni mwa enzi ya Triasi na mwanzo wa enzi ya Jurasi, miaka milioni 200 hivi iliyopita, na ni mchanga mkubwa mkubwa, wenye felspa nyingi, uliotupwa kwa haraka na mito mipana. Ndani yake kuna magogo ya miti ya jamii ya misonobari yaliyogeuka jiwe. Silika, yaani kilichomo ndani ya kwatzi, iliingia kwenye mti chembe kwa chembe, mpaka nyuzi za mbao zinaonekana na mkononi ni jiwe tupu. Mwamba huu na ndugu zake ndio uliojenga vilima vya Shimba, vinavyozidi mita 400, na kwa sababu chembe zake ni kubwa na nafasi kati yake ni nyingi, unanyonya maji ya mvua na kuyaachia taratibu. Chemchemi za Marere, zinazopeleka maji Mombasa, zinatoka humo. Mtu wa Mombasa anaweza kuwa amekunywa Mazeras maisha yake yote bila kulikanyaga.

Bahari ikaingia baada ya hapo. Madagaska ikaanza kuteleza kuelekea kusini, na ule uwanja wa mchanga ukabaki upande wetu.

Kwa nini moja hupasuka na jingine hukataa

Sasa tunaweza kurudi dukani. Anachokitaka mnunuzi ni bamba: jiwe pana, bapa, lenye unene wa sentimita 2, 3 au 5, lisilohitaji msumeno. Bamba kama hilo haliwezi kutoka kwenye mchanga uliotupwa kwa fujo. Linatoka kwenye mchanga uliotulia.

Mafuriko yakishuka, chembe nzito za kwatzi hutua kwanza. Ulanga, kwa kuwa ni vijibamba vyepesi, huelea ukicheza majini na kutua mwisho kabisa, umelala chali. Siku maji yanaporudi yanaleta mchanga mwingine juu yake. Ndiyo maana kati ya mchanga na mchanga hubaki utando mwembamba wa ulanga na tope usioshikamana sawasawa, ukifanya kazi ile ile ya mafuta ndani ya chapati ya tabaka: hautenganishi, lakini unaweka njia. Miaka milioni mia mbili baadaye mchimbaji anaweka kabari kwenye njia hiyo, anagonga, na jiwe linafunguka. Chukua bamba lolote la dukani, lielekeze kwenye jua na uliinamishe polepole. Ule mmeto unaokimbia juu yake ni ulanga.

Kwa hiyo mabamba mazuri hutoka pale ambapo maji yalikuwa mapole, na kwa sehemu kubwa hapo si Mazeras. Ni nyuma yake, Mariakani na kuendelea, upande wa Samburu na wa Kinango, katika kaunti za Kilifi na Kwale. Jina la Mazeras limeyafunika yote, kama yanavyofanya majina mengi ya soko. Wauza mawe wana jina jingine pia, Galana, kwa mabamba ya mchanga yanayotoka kaskazini zaidi, upande wa mto Galana, ambayo mara nyingi ni mapana na mazito kidogo. Hata hayo si jamii ya mbali, ni miamba ya ukanda uleule.

Rangi isikubabaishe. Mara nyingi jiwe likiwa chini, mbali na hewa, ni la kijivu au kijani kibichi kilichofifia. Maji ya mvua yakipenya kwenye nyufa yanabadilisha chuma kilichomo kuwa kutu, na jiwe linageuka manjano au hudhurungi kuanzia nje kuja ndani. Ndiyo maana unaweza kulikata bamba ukakuta ukingo wa manjano na moyo wa kijivu, na ndiyo maana mistari ya kutu inajikunja kwa miviringo isiyofuata matabaka. Kijivu na manjano vinaweza kutoka shimo moja, kina tofauti. Anayekuuzia rangi moja kwa bei ya juu kwa madai kwamba ni "aina bora" anauza rangi.

Na usichanganye na mawe mengine mawili ambayo Wakenya huyataja kwa pumzi moja. Mawe ya kuchonga ya Ndarugu, ambayo yamejenga nusu ya Nairobi, ni majivu ya volkano yaliyogandamana, hayana uhusiano wowote na mchanga wa mito. Mawe ya matumbawe yanayokatwa kwa mashine kwenye matimbo ya Kilifi na kusini Kwale ni chokaa tupu ya viumbe vya bahari. Ukiwa na shaka, tumia siki ya jikoni: tone moja juu ya tumbawe litachemka povu, juu ya bamba la mchanga kwa kawaida litakaa kimya.

Mbona Mji wa Kale hauna hata bamba moja?

Swali hili ni la haki. Waswahili wamejenga kwa mawe kwa karne nyingi, na Rabai iko umbali wa safari ya siku moja tu. Mbona hawakuliendea jiwe hili?

Jibu la kwanza ni uzito. Mita moja ya ujazo ya jiwe la mchanga ina zaidi ya tani 2, na kutoka Mariakani hadi baharini hakuna mto wa kupitisha hata mtumbwi mzito. Kulikuwa na mabega ya watu. Mabega hayo yalikuwa na mizigo yenye faida zaidi, pembe za ndovu kwanza. Jibu la pili ni kwamba tumbawe lilikuwa chini ya miguu yao, laini kiasi cha kuchongwa nakshi, na likichomwa kwenye tanuri linatoa chokaa ya kulijengea lenyewe. Jiwe la mchanga halichomeki likawa chokaa. Mwashi wa Pwani alikuwa na jiwe na udongo wake wa kushikia kutoka mwamba mmoja. Kumwambia apande Nyika kutafuta mwingine kungekuwa kumtania.

Bara nako watu hawakuhitaji ukuta wa mawe. Nyumba za Wamijikenda zilikuwa za miti na nyasi, na kaya zao za juu ya vilima zililindwa na msitu mnene na malango, si kwa boma la mawe. Kwa hiyo jiwe lilikaa. Lilitumika tu kwa vitu vidogo vya nyumbani ambavyo kila jamii iliyo jirani na mwamba wa mchanga huvipata: jiwe la kunolea kisu na panga, jiwe la kusagia.

Kilicholibadilishia bahati ni njia. Reli ilikuja kwanza, barabara ya lami baadaye, kisha malori, kisha hoteli za kitalii zilizoota ufukweni baada ya uhuru zikitaka sakafu ya nje isiyoteleza na isiyounguza nyayo. Bamba la mchanga lina vitu vyote viwili: uso wake una ukali kidogo wa chembe hata likilowa, na kwa rangi yake ya mwanga halishiki joto kama saruji nyeusi au lami. Nairobi ikaona, ikaiga. Hii ni historia fupi ya biashara kuliko watu wanavyodhani. Jiwe lina miaka milioni 240 na soko lake halijafika hata 100.

Timboni

Machimbo mengi ya mabamba haya hayana mashine. Kwanza huondolewa udongo wa juu na mawe mabovu yaliyooza kwa mvua, kwa jembe na sururu, wakati mwingine mita moja, wakati mwingine zaidi ya kimo cha mtu, na kazi hii hailipwi na mtu yeyote kwa sababu hakuna kilichouzwa bado. Ukifika kwenye jiwe zima, jambo la kwanza ni kusoma nyufa. Mwamba wote umekatwakatwa na nyufa za wima zilizotokana na ile mivutano ya kale, nazo ndizo zinazoamua ukubwa wa bamba. Zikiwa mbalimbali utapata mabamba ya meza. Zikiwa karibu karibu utapata vipande vya pembe pembe ambavyo wauzaji huviuza kwa wanaotaka sakafu ya vipande visivyo na mpangilio.

Mchimbaji huingiza ncha ya mtaimbo kwenye mstari wa tabaka, upande ule wenye ufa, hausukumi kwa nguvu. Anaugonga kidogo, anahama kiganja kimoja, anagonga tena, akizunguka ukingo wote kabla ya kuinua. Mwenye haraka huinua upande mmoja na bamba linakatika katikati. Sauti ndiyo kipimo. Jiwe lililo zima hulia kama chuma. Lenye ufa wa ndani hulia bubu, nalo hutupwa kando, likawa kokoto au jiwe la msingi. Halafu huja tindo na nyundo za kunyoosha kingo, na kupanga marundo kwa unene, maana fundi wa mjini anayepewa mabamba ya unene mchanganyiko atapoteza siku nzima akipandisha na kushusha udongo wa saruji chini yake.

Zinazopotea ni nyingi. Kati ya kilichofukuliwa na kinachopanda lori, sehemu kubwa hubaki timboni ikiwa takataka za mawe. Ndilo jambo ambalo mnunuzi wa mjini halioni anapolalamikia bei, ingawa, tuseme ukweli, nafasi kubwa ya bei hiyo haiko mfukoni mwa aliyeshika mtaimbo. Iko kwenye mafuta ya lori, kwa madalali, na kwenye ada za njiani: kaunti hutoza sesi kwa kila lori la mawe, na mzani wa Mariakani haumwonei haya aliyezidisha tani.

Kisheria, shimo la mawe si shamba la mtu kujifanyia atakalo. Kenya ina Sheria ya Madini ya mwaka 2016, inayowatambua wachimbaji wadogo na kutaka wawe na vibali, na inayogawa mrabaha kwa asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti na 10 jamii ya mahali. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo inataka athari za machimbo zipimwe kabla ya kuanza. Katika nchi ya ranchi za pamoja na ardhi za koo, swali gumu si asilimia, ni nani hasa anayehesabiwa kuwa "jamii" siku ya kugawa, na nani atalifukia shimo tabaka zuri likiisha. Mashimo yaliyoachwa wazi hukusanya maji ya mvua. Mifugo hunywa humo, na watoto huzama humo.

Kuna jingine linalosahaulika kwa sababu haliui haraka. Jiwe hili kwa sehemu kubwa ni kwatzi, na vumbi la kwatzi likiingia mapafuni halitoki. Linaacha makovu, ugonjwa unaoitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuyaondoa. Kupasua kwa kabari hutoa vumbi kidogo. Balaa ni grinda: fundi wa mjini anayekata mabamba makavu siku nzima, amejifunga kitambaa puani, anavuta vumbi lililo laini kuliko unga. Kukata likiwa limelowa, mpira wa maji ukitiririka kwenye diski, hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa sana, na hakugharimu zaidi ya maji na tope la kuosha.

Likilala, likisimama

Ile njia ya ulanga inayomsaidia mchimbaji haiishi nguvu jiwe likifika mjini. Bado imo ndani ya bamba, mara kadhaa katika unene wa sentimita 3. Kinachoamua kama itakuletea shida ni namna ulivyoliweka.

Likilala sakafuni, uzito wa watu na magari unayabana matabaka, yaani unayashikamanisha. Liwe na kitanda kamili cha saruji chini yake, lisilo na mapengo, litakaa miongo. Likisimama ukutani kama pambo, hakuna kinachoyabana. Maji ya mvua yanaingia kwa juu kwenye ukingo, yanashuka ndani ya njia hizo, na jua la saa nane linayatoa. Mwaka baada ya mwaka uso wa bamba huvimba, halafu huambuka ganda. Waashi wa kale wa nchi zenye mawe ya mchanga walilijua hili, wakajenga kuta kwa mawe yaliyolazwa jinsi yalivyolala ardhini. Mabamba membamba ya kubandika hayawezi kulazwa hivyo, basi angalau yawekewe kofia ya saruji au bati juu ya ukuta ili maji yasipate mlango. Kwa maoni yangu, ukuta unaotazama pepo za kusi huko Nyali au Diani usibandikwe mabamba haya kabisa.

Chumvi ndiyo adui mkubwa zaidi wa Pwani. Upepo wa bahari huleta matone yenye chumvi, jiwe linanyonya, maji yanakauka, na chumvi inabaki ndani ikiota fuwele. Fuwele zikikua zinasukuma chembe za mchanga mpaka zinaachana, na jiwe linaanza kutoa unga ukilifagia. Ule weupe unaotokea kwenye viungo wiki chache baada ya kutandaza ni jambo dogo kuliko hilo. Aghalabu ni chokaa na chumvi za saruji mbichi zikipanda na maji, na huisha kwa burashi kavu na subira.

Hapo ndipo anapotokea muuza vanishi. Jiwe likipakwa linang'aa, rangi inakolea, na picha za simu zinapendeza. Lakini vanishi inaziba juu tu. Unyevu unaotoka ardhini, au ulioingia kwenye viungo, unakwama chini ya ngozi hiyo, na chumvi inaota hapo hapo chini yake, mpaka siku vanishi inapobanduka inaondoka na ngozi ya jiwe. Ukali wa chembe uliozuia kuteleza nao umezikwa, kwa hiyo kando ya bwawa la kuogelea umejinunulia hatari mbili kwa gharama ya moja. Zipo dawa za kupaka zinazoingia ndani ya jiwe na kuliacha lipumue, na hata hizo zipakwe jiwe likiwa kavu kabisa, jambo ambalo Mombasa katika mwezi wa Mei ni la kuombea.

Kabla ya kulipa, basi, muulize muuzaji shimo, usimuulize jina. Ikiwezekana yasimamishe mabamba mawili matatu uyagonge kwa fundo la kidole, usikilize. Mimina maji kidogo upande wa ukingo, si juu: yakitoweka upesi kwenye mstari mmoja wa tabaka, bamba hilo limeshaanza kuachana, hata kama uso wake ni mzuri kuliko yote dukani. Lifae kijia cha bustani.